Tathmini: Kliniki iliyoniuliza mtoto namtaka lini kabla ya kuniandikia dawa

Ninachokitathmini hapa ni huduma ya kliniki maalumu ya endometriosisi, ugonjwa ambao tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje ya kizazi, pamoja na tiba mbili nilizopewa huko: upasuaji wa matundu madogo, kisha vidonge vya homoni viitwavyo dienogesti, vya miligramu 2. Nianze na hukumu yenyewe. Maumivu ya nyonga yamepungua kwa kiwango ambacho sikuwahi kukijua tangu nivunje ungo, na ovari zangu zote mbili bado zipo na zinafanya kazi. Naipa kliniki hii nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nitaeleza imekwenda wapi.

Jina la kliniki silitaji. Nataka anayesoma aipime huduma iliyo karibu naye kwa yale niliyoyaona, kwa kuwa ugonjwa huu ni uleule kila mahali na maswali ya kumuuliza daktari ni yaleyale.

Kilichonivutia kwanza ni swali. Daktari bingwa alisoma daftari langu, akanisikiliza mpaka nikamaliza, na kabla hajagusa karatasi ya dawa akaniuliza, "Dada, mtoto unamtaka lini?" Alitaka kujua kama ni mwaka huu, ni baada ya miaka miwili mitatu, au sina mpango huo kabisa. Kisha akaeleza kwa nini jibu langu litabadilisha kila kitu. Dawa karibu zote zinazotuliza endometriosisi ni za homoni, na nyingi huzuia yai kupevuka au huzuia mimba kwa njia nyingine. Ukizitumia maumivu yanashuka, lakini mimba haiingii. Upasuaji nao unaweza kuifungulia mimba njia, ila ukifanywa kwa pupa kwenye ovari, au ukirudiwarudiwa, unaondoka na mayai. Kwa hiyo anayetaka kutuliza maumivu tu na anayetaka pia kuulinda uzazi wake hawapewi mpango mmoja, hata picha zao za ultrasaundi zikifanana.

Kwa miaka yote niliyozunguka na maumivu haya hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilichosikia mara nyingi ni kwamba ni chango, nikizaa nitapona. Mimba huwatuliza baadhi ya wanawake kwa sababu hedhi husimama kwa muda, lakini haiuondoi ugonjwa, na wengi dalili huwarudia. Naumia ninaposikia msichana wa miaka 19 akiambiwa aende akazae kama ndiyo dawa. Huyo ameombwa aitatue shida ya tumbo lake kwa kumleta mtu mwingine duniani.

Mimi ni mhasibu. Kazi yangu inanikalisha kitini muda mrefu, na kukaa ndiko kulikokuwa kunanitesa: maumivu yalianzia chini ya kitovu upande wa kushoto, yakazunguka hadi mgongoni, yakashuka kwenye paja. Mwanzoni yalikuja na hedhi na kuondoka nayo. Baadaye yakaanza kutangulia siku kadhaa, halafu yakawa yapo tu, hedhi ikiwa njiani au imepita. Nilipoolewa nikakutana na maumivu ya tendo la ndoa, yale ya ndani kabisa, na haja kubwa wakati wa hedhi ikawa jambo la kuogopa. Nilikuwa na miaka 31 nilipofika kwenye kliniki hii. Mume wangu nami tulitaka mtoto, ila si mara moja. Nilikuwa katikati ya mitihani ya taaluma yangu na tulikuwa tumekubaliana kusubiri nimalize.

Daftari nililolitaja ni la maumivu. Kila jioni niliandika namba kutoka 0 hadi 10, mahali panapouma, dawa niliyomeza, na kama nilitoka damu. Mtu wa hesabu hulipenda jambo hili kwa asili, lakini nalipendekeza kwa kila mwanamke anayekwenda kumwona daktari kwa shida hii. Maneno "inauma sana" daktari ameyasikia asubuhi nzima. Ukimwonyesha kwamba namba 8 inajirudia kila mwezi siku mbili kabla ya damu, na kwamba haja kubwa inauma siku hizohizo, umemsogeza karibu na jibu. Na yaandike hata yale unayoona haya kuyatamka. Mficha uchi hazai, na safari hii wahenga walisema kitu kilicho kweli neno kwa neno: maumivu ya ndani wakati wa tendo na maumivu ya haja wakati wa hedhi ndiyo yaliyomwelekeza daktari kutafuta vidonda nyuma ya kizazi.

Uchunguzi ulikuwa wa upole. Aliniomba ruhusa kwa kila hatua, akaniambia nikisema basi ataacha. Ultrasaundi ilifanywa kwa njia ya uke na mtu aliyezoea kuutafuta ugonjwa huu, na tofauti niliiona palepale. Hakupiga picha na kuondoka. Alisukuma kidogo huku na huku akitazama kama ovari inateleza au imenata. Ya kushoto ilikuwa imenata nyuma ya kizazi, na ndani yake kulikuwa na uvimbe wa karibu sentimita 5 uliojaa damu iliyozeeka, nzito na ya rangi ya kahawia. Baadaye nikafanyiwa MRI ili waone kama utumbo umeguswa. Haukuwa umeguswa.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Zamani ilichukuliwa kwamba huwezi kusema mtu ana endometriosisi mpaka umfungue tumbo uone. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022, unaotolewa na jumuiya ya wataalamu wa uzazi iitwayo ESHRE, umeachana na msimamo huo: picha nzuri zinaweza kuonyesha uvimbe wa ovari na vidonda vilivyozama, na daktari anaweza kuanza tiba ya dawa kwa kuzingatia dalili. Lakini picha safi haimaanishi huna ugonjwa. Vidonda vidogo vya juu juu kwenye utando wa tumbo mara nyingi havionekani. Kwa hiyo ukiambiwa ultrasaundi yako haina kitu na maumivu yako yanafuata hedhi, mazungumzo hayajaisha. Kipimo cha damu cha CA-125, ambacho wengine hukimbilia, mwongozo huo haukipendekezi kwa kuutambua ugonjwa huu.

Nilimuuliza nimeupataje. Nilikuwa nikijilaumu kwa mambo mengi. Alinijibu kwamba daktari wa Marekani, John Sampson, alieleza mwaka 1927 kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwaga ndani ya tumbo chembe zinazoweza kuota huko. Ila damu hurudi hivyo kwa wanawake wengi sana, na wengi wao hawaugui, kwa hiyo kuna mengine ndani yake: kurithi, kinga ya mwili, homoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria wagonjwa wapatao milioni 190, takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Akamalizia, "Hakuna ulichokula au kukifanya kikakuletea hili." Sentensi hiyo nilitoka nayo.

Sasa upasuaji. Hii ndiyo sehemu ninayotaka kuikalia kwa muda, kwa sababu hapa ndipo uzazi unapolindwa au kupotezwa.

Kabla ya kliniki hii, hospitali nyingine ilikuwa imenifyonza uvimbe uleule kwa sindano na kuniambia mambo yamekwisha. Uvimbe ulijaa tena ndani ya miezi. Daktari wangu wa sasa hakumsema vibaya mtu. Alinieleza tu kwamba kufyonza peke yake huacha ukuta wa uvimbe mahali pake, na ukuta huo ndio unaotoa damu, kwa hiyo kurudi ni jambo la kutarajiwa. Kuuvua ukuta mzima kutoka kwenye ovari hupunguza uwezekano wa kurudi na hupunguza maumivu zaidi. Lakini ukuta huo umeshikamana na nyama nzuri ya ovari yenye mayai, na unapouvua, mayai kadhaa huondoka nao. Ukichoma kwa umeme ili kusimamisha damu, unaongeza hasara.

Akanichorea mambo matatu kwenye karatasi. Tungeweza kuacha uvimbe na kutumia dawa tu. Tungeweza kuuvua. Au tungeweza kukaa na mtaalamu wa uzazi kwanza na kugandisha mayai kabla ya kuugusa. Hiyo ya tatu aliisema bila kuisukuma: kama uvimbe ungekuwa kwenye ovari zote mbili, au kama ningekuwa nimeshafanyiwa upasuaji wa ovari hapo nyuma, angeisisitiza. Kwangu ulikuwa upande mmoja, umri ulikuwa bado upande wangu, na kipimo cha AMH kilisoma 2.1. AMH hukadiria akiba ya mayai iliyobaki. Haisemi ubora wao, wala haitabiri kama utashika mimba kwa njia ya kawaida. Alilirudia hilo, na nashukuru, kwa sababu nimeona wanawake wakilia juu ya namba ambayo hawakuelezwa maana yake.

Nilimwomba takwimu. Nadhani alifurahi kuombwa. Alinionyesha jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 1997: wanawake 341 waliokuwa wakitafuta mimba, wenye endometriosisi ya hatua za chini. Walioondolewa vidonda wakati wa laparoskopi, yaani upasuaji wa matundu madogo, asilimia 30.7 walipata mimba iliyopita wiki 20 katika ufuatiliaji wa wiki 36. Waliotazamwa tu bila kuondolewa, asilimia 17.7. Kisha akaniambia bila kuzunguka kwamba hao walikuwa hatua ya 1 na ya 2, na mimi sipo hapo. Kwa wenye uvimbe wa ovari kama wangu, alisema, hakuna jaribio la kulinganisha la namna hiyo. Kuna ufuatiliaji wa waliofanyiwa upasuaji, na unaonyesha wengi wakishika mimba, lakini huo ni ushahidi wa uzito mdogo zaidi. Mtoa huduma anayekuonyesha ushahidi wake unapoishia ni wa kumwamini, hivyo ndivyo ninavyoona, na ndiyo sababu nilisaini fomu.

Upasuaji wenyewe ulikuwa wa nusu kaputi, matundu manne madogo, moja kitovuni. Waliuvua uvimbe, wakaibandua ovari kutoka nyuma ya kizazi, wakakata vidonda kwenye kano zinazoshikilia kizazi kwa nyuma na kwenye kile kibonde kilicho kati ya kizazi na utumbo mpana. Damu ya ovari waliisimamisha kwa kushona, si kwa kuchoma. Mwisho walipitisha rangi ya buluu kutoka kwenye mlango wa kizazi, wakaona inatoka kwenye mirija yote miwili, kwa hiyo mirija iko wazi. Vipande vilipelekwa maabara na jibu likathibitisha ugonjwa.

Walinipa hatua ya 3, yaani ya kati. Hatua hizi nne huhesabiwa kwa alama za kile kilichoonekana tumboni, si kwa kiasi cha maumivu, na viwili hivyo havifuatani vizuri. Kuna mwenye hatua ya 1 anayeanguka kazini na mwenye hatua ya 4 aliyegundulika kwa bahati tu. Kama umeambiwa una kidogo na unaumia sana, hujatia chumvi.

Kitu nilichokipenda zaidi katika ripoti ni alama nyingine, ile ya kukadiria uwezekano wa kushika mimba bila msaada wa maabara baada ya upasuaji. Inaitwa EFI na inakwenda 0 hadi 10. Niliifuata mstari kwa mstari kama ninavyofuata mizania. Umri usiozidi 35, alama 2. Muda wa kutafuta mimba usiozidi miaka 3, alama 2. Sijawahi kubeba mimba, 0. Hali ya mirija na ovari baada ya kusafishwa, 2 kati ya 3. Vidonda vyenyewe vilikuwa vingi mno, 0. Jumla ya vidonda na makovu haikufikia kikomo cha juu, 1. Jumla 7. Namba hii ilinisaidia kuliko maneno yote ya faraja, kwa kuwa ilisema kwamba nina nafasi nzuri ya kujaribu kwa njia ya kawaida kwanza. Kama ripoti yako ya upasuaji haina EFI na unataka mtoto, iulizie.

AMH ilipopimwa tena miezi baadaye ilikuwa 1.5. Nimepoteza kitu, ndiyo. Niliambiwa kabla kwamba nitapoteza, na kwa nini, na nini kitafanywa ili nipoteze kidogo. Nilikubali nikijua.

Ninachowalaumu ni maandalizi ya siku za baada ya upasuaji. Hakuna aliyenionya kuhusu maumivu ya bega. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili daktari aone, na mabaki yake huchokoza kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na maumivu ya kiwambo husikika begani. Nilidhani moyo una tatizo. Muuguzi nilipompigia alinieleza kwa sentensi mbili na nikatulia, lakini sentensi hizo mbili zilipaswa kuwa kwenye karatasi niliyopewa wakati wa kuondoka. Ripoti kamili ya upasuaji na picha zake pia nilizipata baada ya kuulizia na kuulizia. Ripoti hiyo ni mali muhimu. Daktari yeyote atakayekutibu mbele ataihitaji, na bila hiyo unaweza kufunguliwa tena bila sababu.

Baada ya hapo ndipo vikaja vidonge. Daktari alieleza kwamba ugonjwa huu hupenda kurudi baada ya upasuaji, na kwamba asiyetafuta mtoto mara moja hushauriwa atumie homoni ili kuuzuia. Kwa kuwa nilikuwa nimesema nasubiri, tukachagua dienogesti. Ni projestini, yaani homoni ya kutengenezwa inayofanya kazi kama projesteroni ya mwilini. Hushusha estrojeni inayolisha vidonda, na hufanya tishu ile isinyae. Unameza kimoja kila siku, saa ileile, bila mapumziko ya wiki, hata kama unatoka damu.

Miezi mitatu ya kwanza haikuwa rahisi. Damu ya matone ilikuja bila ratiba, leo ipo, kesho haipo, keshokutwa imerudi. Kichwa kiliuma. Matiti yalijaa. Baadaye damu ikakatika kabisa, na hapo ndipo daftari lilipoanza kuonyesha mabadiliko: namba 8 zilitoweka, zikabaki 3, kisha siku nyingi za 1 na 0. Nilikaa kitini kufunga hesabu za mwaka bila mto mgongoni. Tendo la ndoa likaacha kuwa kitu cha kujikaza. Sikujua nilivyokuwa nimekaza meno miaka yote hiyo mpaka nilipoacha.

Lakini niseme na upande wa pili. Moyo wangu ulishuka. Huzuni isiyo na sababu ilinijia jioni na kukaa. Madhara haya yameandikwa kwenye karatasi ya dawa, na yeyote aliyewahi kuugua sonona amwambie daktari kabla ya kuanza. Muuguzi wa kliniki alikuwa amenipigia bila mimi kumwomba, kuuliza hali, na hapo ndipo nilipolisema. Waliniweka karibu, wakaniuliza kama nataka kubadilisha dawa. Nilichagua kuendelea kwa sababu hali ilikuwa ikipungua, na iliendelea kupungua. Mwingine angechagua kuacha na angekuwa sahihi.

Jambo la kushika: dienogesti ya miligramu 2 peke yake haijasajiliwa kama kinga ya mimba. Mara nyingi huzuia yai, lakini usiitegemee. Tulitumia kondomu.

Wenzangu kwenye benchi la kusubiri walikuwa na tiba tofauti, na tulizungumza sana. Mmoja alikuwa na kitanzi chenye homoni ya levonorjestreli, kinakaa miaka, hakimezwi, na kikitolewa uzazi hurudi haraka. Mwingine alikuwa kwenye vidonge vya mchanganyiko wa estrojeni na projestini. Hivyo havimfai mwenye kipandauso cha kuona mimweko, mwenye historia ya damu kuganda, wala mvutaji sigara aliyepita 35. Dada mmoja alichomwa sindano ya medroksiprojesteroni ya miezi mitatu mitatu. Maumivu yakapungua, ila sasa anataka mtoto na yai lake linachelewa kurudi, jambo linaloweza kuchukua miezi mingi baada ya sindano ya mwisho. Kwake swali la "lini" halikuulizwa, na ndiyo maana ninalisisitiza. Zipo pia dawa zinazozima ovari kwa nguvu zaidi. Zile za sindano huleta joto la ghafla kama la kukoma hedhi na hupunguza uimara wa mifupa, kwa hiyo huambatanishwa na homoni kidogo za kurudishia. Kuna na vidonge vipya vya kundi linalofanana: elagoliksi iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, na relugoliksi iliyochanganywa na homoni za kulinda mifupa ikaidhinishwa huko kwa maumivu ya endometriosisi mwaka 2022.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayoongeza uwezo wa kuzaa. Daktari alilisema hili kwa uzito, na mwongozo wa ESHRE unasema vivyo hivyo: mtu anayetafuta mimba asipewe dawa za kuzima ovari kwa matumaini kwamba zitamsafishia njia. Zinamtuliza, zinazuia ugonjwa usirudi haraka, na zinampotezea muda ikiwa muda ndio alionao kidogo.

Dawa za kawaida za maumivu hazikuachwa. Ibuprofeni au naprokseni hufanya kazi vizuri zaidi ukianza kabla maumivu hayajapanda, pamoja na chakula, na zisitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu bila ushauri. Tangu nianze kutafuta mtoto nimeambiwa nisizimeze mfululizo, kwa kuwa matumizi ya muda mrefu yanaweza kuvuruga yai kutoka. Chupa ya maji ya moto bado ni rafiki yangu.

Kisha kuna kitu kilichonishangaza, mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga. Nilikuwa nikiamini kwamba maumivu yaliyobaki baada ya upasuaji ni vidonda vilivyosahaulika. Mtaalamu wa viungo alinionyesha kwamba misuli yangu ya nyonga ilikuwa imejikaza kwa miaka ya kujihami, na kwamba mishipa ya fahamu iliyozoea maumivu huendelea kupiga kelele hata chanzo kikipungua. Alinifundisha kuilegeza, kupumua hadi chini, kukaa vizuri. Wengi hudhani mazoezi ya nyonga ni ya kukaza. Kwangu kukaza kungeharibu zaidi. Hapa ndipo nyota ya tano ilipopotelea hasa: alikuwepo jengo lilelile tangu siku ya kwanza, na nilipelekwa kwake mwishoni. Angeingia mwanzoni ningepunguziwa miezi ya kuumia.

Nilipomaliza mitihani niliacha vidonge. Hedhi ilirudi mapema, na ndiyo, imerudi na maumivu kidogo, namba 4 siku ya kwanza. Tunatafuta mtoto. Mpango uko wazi: tukifika miezi sita bila mimba tunarudi, hatusubiri mwaka mzima, kwa sababu ugonjwa huu na ovari iliyofanyiwa kazi havitoi nafasi ya kusubiri sana. Mume wangu ameshapimwa mbegu, jambo ambalo kliniki ililidai tangu mwanzo, nami nalisifu. Ikibidi tutakwenda kwenye utungishaji wa maabara, na tumeshaambiwa kwamba hakutakuwa na haja ya kunifungua tena kwanza ili tu kuongeza nafasi, isipokuwa maumivu yakizidi au uvimbe ukizuia kuyafikia mayai.

Nani namshauri aende kwenye kliniki ya namna hii? Mwenye uvimbe wa ovari anayetaka kuzaa siku moja, bila kusita, na aende kabla mtu yeyote hajamgusa ovari. Aliyefanyiwa upasuaji tayari na anaambiwa arudie, aende apate maoni ya pili. Msichana ambaye hedhi inamkosesha shule, aende, na aliyemzaa asimwambie kwamba ndivyo wanawake walivyo. Mwenye maumivu madogo yanayotulia kwa ibuprofeni na ambaye hana shida nyingine anaweza kuanza kwa daktari wa kawaida na dawa za homoni za kawaida. Hahitaji foleni ndefu, na foleni kwa kweli ni ndefu.

Ukienda, beba daftari, ripoti zote za zamani, na jibu la swali lile, hata kama jibu ni kwamba bado hujui. Kutojua nako daktari anaweza kukupangia. Mwenzangu mmoja wa benchi alijibu hivyo, akapewa kitanzi na tarehe ya kulizungumza tena, na AMH yake inapimwa wakati wanasubiri.